Farasi Aliyeitwa Tangulia

Nizar alinipigia simu wiki iliyopita, chai yangu ikiwa bado ya moto, kunipa habari kwamba Tangulia amepitwa. Farasi mmoja kijana, wa zizi ambalo hata yeye hakulijua, ameshinda mbio za kombe na kuivunja rekodi ambayo farasi wake aliiweka mwaka ule nilipokuwa naishi nyumbani kwao. Akasema tukutane, sisi tuliobaki, tule chakula pamoja kama zamani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza msiba, nami nikajikuta namjibu "Pole sana," kisha nikajicheka mwenyewe, maana farasi yule alikufa kwa uzee zamani, tena alilala kwenye nyasi safi kuliko godoro langu. Lakini simu ilipokatika sikurudi kwenye chai. Nilisimama dirishani, hapa Malton, Kanada, jirani na uwanja wa ndege, nikitazama ndege zikishuka moja baada ya nyingine juu ya mapaa, na baada ya muda nikagundua kwamba nimeshika kitasa cha mlango wa roshani bila kujua nilitaka kumfungulia nani.

Lazima nianze na neno lenyewe, kwa sababu kila kitu kilitoka humo. Tangulia ni neno la kawaida mchana kutwa. Mwenzako ana haraka, wewe bado unatafuta viatu, unamwambia tangulia, nakuja. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa matanga analijua upande wake wa pili: fulani ametutangulia, ametangulia mbele ya haki. Hatupendi kusema amekufa, tunasema ametangulia, na sisi tulio hai tuko nyuma kwenye foleni hiyohiyo. Mswahili aliyelelewa akaleleka hawezi kumpa kiumbe hai jina hilo, sembuse kiumbe kinachombeba binadamu mgongoni na kuruka naye viunzi vya matawi vyenye kimo cha kifua cha mtu. Nizar hakujua. Alitolewa Tanga akiwa mtoto wa kubebwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, cha lete, toa, funga, ngoja. Alikuwa amenunua farasi mpya, akataka jina la nyumbani ambalo wenzake wa uwanja wa mbio hawatalijua, tena jina la kumtia farasi hamu ya kuwa mbele. Na kulikuwa na neno moja alilolisikia kila jioni kutoka kinywani mwa mama yake. Akaliandikisha.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilivyofika Kanada, na walionileta, ni hadithi ndefu isiyo na utamu, tuiache. Ninachokumbuka ni nyumba ya Thornhill, kwenye mtaa wa pembeni ya barabara kuu ya Bathurst, ambako asiye na gari ni mfungwa, na theluji iliyokuwa imefika madirishani siku nilipoingia na begi langu. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama yake Nizar, ambaye nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Sebule ilikuwa na makochi yaliyofunikwa plastiki na zulia nene lililomeza nyayo, kiasi kwamba mtu angeweza kuwa nyuma yako muda mrefu usijue. Jikoni ndiko tulikoishi. Bibi alikuwa amesahau mengi. Alisahau kama amekula, alisahau mwezi, mara nyingine alimwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Lakini ulimi wake haukusahau kitu. Aliketi kwenye kiti chake karibu na jiko akaniamuru: mbaazi za nazi, kuku wa kupaka, mihogo ya kugandishwa ambayo Nizar aliifuata Scarborough na kulalamika njia nzima. Akionja alifumba macho, na akisema chumvi haijakolea, basi haijakolea. Siku ya kwanza aliniuliza jina. Nikamwambia naitwa Pili. Alinitazama sana, kisha akatazama nyuma yangu, kwenye korido tupu.

"Wa kwanza yuko wapi?" akauliza.

Nikamjibu kwamba wa kwanza yuko kwetu, Bibi, ameolewa. Akatikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu aliyeulizia kitu kingine na hakujibiwa.

Kila jioni, jua linapozama, Bibi aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata kama tonge limo mkononi. Alijitanda mtandio, akaenda mlango wa mbele akishika ukuta, akaufungua. Kwenye baridi kali upepo uliingia na theluji yake hadi kwenye zulia. Alisogea pembeni kidogo, kama unavyompisha mtu mlangoni, akasema kwa sauti ya mama mwenye shughuli nyingi, "Tangulia, nakuja." Kisha akafunga mlango na kurudi kwenye chakula. Mwanzoni nilidhani ni maradhi tu, na maradhi hayaulizwi sababu. Kilichonitisha ni taa. Nizar alikuwa ameweka zile taa za wezi, zinazowaka zenyewe mtu akipita: moja juu ya mlango, moja kwenye gereji, na jirani naye alikuwa na yake kule barabarani. Bibi akishafunga mlango, ile ya gereji iliwaka. Baada ya muda, ya jirani nayo ikawaka. Nilimweleza Nizar, akacheka. "Hiyo rakuni tu, Pili," alisema. "Hii mtaa yote imejaa rakuni." Rakuni ni mnyama wa huku, mwizi wa mapipa ya taka, na nilitaka kwa moyo wangu wote awe ni yeye. Lakini rakuni huacha nyayo kwenye theluji, na pale theluji ilikuwa laini kama unga uliochekechwa. Kulikuwa na jambo jingine nililoliwaza nikiosha vyombo na sikumwambia mtu: kila jioni Bibi alimtoa nje mgeni ambaye sikuwahi kumwona akiingia.

Chumba changu kilikuwa chini, kwenye besimenti, pembeni ya mashine ya kufulia. Nyumba za huku hupashwa joto kwa hewa inayopita ndani ya mabomba ya bati yaliyofichwa ukutani, na kila chumba kina tundu lake lenye wavu. Mabomba hayo hayabebi joto peke yake. Mchana, Bibi akiwa amepumzika chumbani kwake baada ya chakula, nilikunja nguo kule chini na kumsikia kana kwamba ameketi begani kwangu. Alikuwa akisimulia. Leo tumepika mbaazi, Pili amevunja kikombe cha maua, Nizar ananenepa. Kisha alinyamaza, muda unaotosha mtu kujibu au kuuliza, halafu akasema kwa upole, "Hapana, bado. Bado kidogo." Sikuwahi kusikia sauti ya pili, naapa. Lakini kimya kile kilikuwa na urefu tofauti kila mara, na hicho ndicho kilichonifanya nipande juu na nguo zangu nusu hazijakunjwa. Hata leo, mashine ya joto ya nyumba hii inapowaka, huwa nanyamaza kwanza nisikilize.

Kila Jumapili Nizar alikuja na mpanda farasi wake. Huyo ndiye Kariuki, kijana wa Nairobi aliyekulia kwenye mazizi ya farasi wa mbio wa kule, mfupi, mkavu, miguu matege, mcheshi kupita kiasi kwa mtu mwenye njaa. Maana wapanda farasi wa mbio hawali. Uzito wao ukizidi kidogo, farasi anapewa mtu mwingine. Aliketi mbele ya pilau ya Bibi, akachukua vipande viwili vya tango, akainamia sinia na kuvuta mvuke. "Shosho, mimi nakula na mapua," alimwambia, akitumia neno la kwao la kumwita bibi, na Bibi akacheka hadi akashika ubavu. Yeye aliyesahau mwezi alimkumbuka Kariuki kila Jumapili, na kila Jumapili alijaribu kumtilia nyama kwenye sahani akiangalia pembeni. Mimi nilimpenda kabla theluji haijaisha, na sioni haja ya kulizungusha. Nilipenda mikono yake, na namna alivyozungumza na vitu vyote, chupa ya pilipili, paka wa jirani, kana kwamba viko karibu kumjibu.

Yeye ndiye aliyenipeleka kumwona farasi. Mazizi yalikuwa jirani na uwanja wa ndege, na ndege zilipita chini kiasi cha kuzitikisa ndoo. Tangulia alikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia, rangi ya damu ya mzee, na alikuwa na tabia ya kutazama, si wewe, bali kitu kilicho karibu na bega lako. Kariuki alinieleza shida yake huku akimpiga brashi.

"Huyu ana nguvu kuliko wote hapa, manze," alisema. "Lakini hawezi kukaa mbele. Akiwa na mwenzake mbele, anamfuata mpaka mwisho wa dunia. Akibaki peke yake huko mbele, anasimama. Anasimama tu, kama gari imeisha mafuta. Ndiyo maana kila siku tunakuwa namba mbili."

Nikamweleza maana ya jina. Nikamweleza matanga, na ametangulia mbele ya haki, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao pia wazee husema hivyo, kisha akacheka. "Basi jina halijamwingia. Huyu hatangulii mtu." Nami nikacheka. Lakini farasi alikuwa ameelekeza masikio yote mawili kwenye mlango wa zizi nyuma yetu, na nilipogeuka mlango ulikuwa wazi, na nje palikuwa na jua tu na ndoo.

Nizar hakuwa amemwambia mama yake farasi anaitwaje. Alilitunza jina hilo kama zawadi, akalitoa mezani jioni moja ya Septemba, siku aliyohakikishiwa kwamba farasi wake amekubaliwa kwenye mbio za kombe. Mbio hizo ni za kale, wazee wa wazee wa hapa walizikimbia kabla mji haujawa na taa za umeme, na kwa mtu aliyekuja kutoka mbali kama Nizar kuingiza farasi humo ilikuwa ni kupata kiti kwenye nyumba ya watu. "Mama, unajua farasi yangu inaitwa nani?" alisema, uso wote tabasamu. "Nimeipa neno yako. Tangulia." Bibi alikuwa akimenya chungwa. Kisu kikasimama. Sijawahi kumwona mtu akitoka kwenye usahaulifu kwa haraka namna ile. Ghafla alikuwa timamu kabisa, na alikuwa na hofu. Akamwambia, "Mbadilishe jina." Nizar akaeleza kwamba jina la farasi wa mbio likishaandikwa limeandikwa, tena watu wa mazizi husema kulibadilisha ni mkosi. "Jina tu, mama." Bibi akauliza ni nani anayempanda. "Kariuki. Ile kijana inakula na mapua." Bibi akaweka kisu chini, akainuka bila kunawa, akaenda chumbani kwake.

Alinisimulia kesho yake, nikimpaka mafuta ya nazi nywele zake chache, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka. Kabla ya Nizar kulikuwa na mtoto, Amiri. Walikuwa na duka Tanga, wakiishi ghorofani juu yake. Amiri alikuwa na miaka saba na hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alikimbia mbele hadi kona, akageuka kuona kama mama anakuja, akakimbia tena. Jioni moja walikuwa wakienda msikitini. Bibi alikuwa na mimba ya Nizar, anahangaika na kufuli la duka lililoshika kutu, na mtoto anamvuta nguo, twende, twende. Akamwambia, "Tangulia, nakuja." Mtoto akakimbia. Kwenye kona akageuka kumtafuta mama yake kama kawaida yake, huku akirudi kinyumenyume, na lori la mkonge likatokea. "Alikufa ananitazama," Bibi alisema. "Ningekuwa naye asingegeuka. Nilimwambia nakuja, na mpaka leo ananisubiri." Nizar hakuambiwa. Alizaliwa katikati ya majonzi, wakahama mji, kisha wakahama nchi, na baba yake alikataza jina la Amiri lisitajwe mbele ya mtoto. Nizar amekua akijua kwamba yeye ni wa kwanza na wa pekee. Baba alipofariki, mama hakujua tena pa kuanzia.

"Yule kijana ana mama?" akaniuliza.

Nikasema anaye, Nairobi.

"Basi mwambie asipande. Watu wote wale watamwita, tangulia, tangulia. Mtoto mmoja nilimpeleka kwa neno hilo. Sitaki mwingine."

Nilimwambia Kariuki. Habari za Amiri sikumgusia, zilikuwa siri ya Bibi na sikuwa na ruhusa nazo. Nilimwambia tu kwamba Bibi anaogopa, na mimi naogopa, na kwamba nampenda. Hilo la mwisho nilikuwa sijawahi kulisema, na nililisema kwenye kituo cha basi, pua inavuja kwa baridi. "Pili," akasema, "nimetoka Nairobi nikiota hii race moja. Nikikataa, hakuna mtu atanipa farasi tena hapa. Nikirudi mzima, nakuoa. Nikirudi nimevunjika, bado nakuoa, utanisukuma na kiti." Nilikasirika, nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Ni msemo wa kila siku, tunamwambia mtoto anayekataa kuvaa sweta. Lakini safari hii nilisikia kila neno lake lilivyo, nikatamani kulirudisha mdomoni, na basi likafika, akapanda.

Siku ya mbio anga lilikuwa rangi ya majivu na majani yalikuwa yameshaanguka. Mbio za kombe huwa za mwisho, jua likielekea kuzama. Watu wetu walikwenda kwa wingi, kutoka Scarborough na kila kona, Watanzania, Wakenya, Wakongo waliotoka kanisani moja kwa moja na suti zao, ambao hawajawahi kumtazama farasi maishani, kwa sababu tu kuna farasi mwenye jina la Kiswahili. Wengine waliliona jina ni kichekesho, wazee wengine walisema astaghfirullahi, lakini walikwenda. Mimi nilibaki na Bibi. Nizar alikuwa amemwekea televisheni sebuleni tayari. Alikataa kuitazama, akaniambia nikigeuze kiti chake kielekee mlango wa mbele. Farasi walikuwa bado wanazungushwa wakati mwanga ulipoanza kufifia, na saa ya Bibi ikafika. Nilisubiri ainuke ajitande mtandio. Hakuinuka. Aliishika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Leo hatoki mtu," alisema, na hakuwa akisema na mimi.

Ndipo nikasikia mlango ukitikisika. Haukuwa unagongwa. Hodi hupigwa na aliye nje. Mlango huu ulitikiswa kutoka ndani, taratibu, kwa chini, pale ambapo mkono wa mtoto asiyefikia komeo ungefika. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka hapo na niliuona mlango wote, kutoka juu hadi zulia, na mbele yake hapakuwa na mtu. Bibi alikuwa akilia bila sauti, midomo imebanwa, amekaza mikono kwenye kiti chake.

Kwenye televisheni farasi waliachiwa. Wote wakaondoka, Tangulia akabaki. Alisimama palepale, shingo juu, akitafuta kitu kwa masikio, na Kariuki mgongoni mwake akimsemesha, wakati wenzao walikuwa wanakikaribia kiunzi cha kwanza. Mtangazaji akacheka. Nyuma yake nilizisikia sauti za watu wetu zikipanda juu ya nyingine zote, tangulia, tangulia, na nilitamani kuziba vinywa vyao kimoja kimoja. Kisha nikafikiri, hatakwenda. Atashindwa, watamcheka, na atakuwa hai. Nilifurahi, nasema kweli. Lakini farasi akaanza kusimama kwa miguu ya nyuma, akiyumba, mara ya kwanza, mara ya pili, na Kariuki akateleza ubavuni, mkono mmoja umenaswa kwenye hatamu. Mwili ule wote ulikuwa unakuja kumwangukia. Nikapiga ukelele wa jina lake, na Bibi akageuza kichwa akaiona televisheni.

Aliinuka bila kushika ukuta. Akaufungua mlango hadi mwisho, akasogea pembeni kama siku zote, lakini maneno hayakuwa yale ya siku zote. "Haya, mwanangu," alisema. "Mwoneshe mwenzio njia. Usinisubiri mimi. Nenda, na usigeuke." Baridi ilipita miguuni mwangu, na ilikuwa inatoka nje, haikuwa inaingia. Taa ya gereji ikawaka. Ya jirani ikawaka, kisha ya nyumba iliyofuata, kisha nyingine, nyumba baada ya nyumba, haraka kuliko gari, hadi kwenye kona ya Bathurst. Nilipogeuka, Tangulia alikuwa ameshusha miguu yake chini. Kariuki alijivuta akakaa. Farasi akainyoosha shingo, akaondoka.

Mbio zile zimesimuliwa mara nyingi na watu wanaojua kuzisimulia. Aliwafikia wenzake kabla ya nusu, akawapita mmoja mmoja, na kuanzia hapo alikuwa peke yake mbele, yule ambaye hakuwahi kukaa mbele bila kusimama. Kila aliyemjua alingoja asimame. Hakusimama. Aliruka kiunzi baada ya kiunzi, masikio yamelenga mbele, na mtangazaji aliyecheka mwanzoni akafika mahali akaishiwa maneno, ikasikika sauti ya kwato tu. Aliyeondoka wa mwisho aliuvuka mstari kabla wa pili hajafika kiunzi cha mwisho, na rekodi iliyokuwa imedumu vizazi ikafutwa. Wataalamu walisema ni hasira ya kuachwa nyuma. Wengine walisema saa zilikosea, zikapimwa, hazikukosea. Kariuki ni mume wangu, ana mvi na kitambi cha haki yake, na baada ya msimu ule hakupanda farasi tena. Alifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege mpaka juzi alipostaafu. Wanaomuuliza kwa nini aliacha huwaambia ni magoti. Nilipompa habari ya simu ya Nizar, kwamba rekodi imevunjwa, hakuuliza jina la farasi wala la mpandaji. Aliuliza mbele ya huyo farasi mpya kulikuwa na nani.

Siku iliyofuata mbio, mchana, Nizar alimleta Kariuki nyumbani ale. Bibi alikuwa ameniamuru tangu asubuhi, pilau, kuku wa kupaka, mbaazi, kachumbari, na safari hii Kariuki alikula kweli, kwa mkono, bila mzaha, akitazama sahani. Alikuwa na michubuko shingoni na hakuwa amefanya utani hata mmoja tangu aingie. Simu ya sebuleni ililia, kama ilivyolia siku nzima, Nizar akaenda kupokea pongezi nyingine. Kariuki akasikiliza mpaka akahakikisha yuko mbali.

"Shosho," alisema, "nikikwambia kitu utaniona mwendawazimu."

"Sema."

"Kulikuwa na mtoto. Pale mwanzo, farasi akiwa anasumbua, alitulia kwa sababu alimwona. Na mimi nikamwona. Kijana mdogo, shati nyeupe, kaptula, anakimbia mbele yetu. Nilivuta hatamu tusimkanyage, farasi akakataa. Kila kiunzi tukiruka, yeye amesharuka. Hatukuwahi kumfikia. Na hakuna mtu mwingine ameniuliza habari yake, hakuna mtu alimwona."

Mezani pale ni mimi na Bibi tu tuliojua anamzungumzia nani. Nilimtazama Bibi. Hakushtuka. Aliegemea mbele, akamshika kifundo cha mkono wenye mafuta ya pilau.

"Aligeuka?" akauliza.

Kariuki hakuelewa.

"Kutazama nyuma. Aligeuka kuona kama kuna mtu anakuja?"

Kariuki alifikiri, kwa uaminifu, kama mtu anayerudia njia nzima kichwani. Nilitaka kumpiga teke chini ya meza, lakini sikujua jibu gani ndilo lingemponya na lipi lingemuua.

"Hapana, shosho," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja ageuke nimwone uso. Hakugeuka hata mara moja. Hata tulipovuka mstari yeye hakusimama, aliendelea tu kukimbia, mpaka nikampoteza."

Bibi hakuuachia mkono wake. Aliitazama pilau, na nikafikiri ni mama gani anayeweza kusikia kwamba mwanawe hamtafuti tena na bado akaketi wima. Kisha machozi yakamtoka, na uso wake ulikuwa umelegea na kupumzika, uso ambao sikuwahi kuuona tangu nimjue.

"Basi amekua," alisema.

Nizar alirudi kutoka sebuleni, simu isiyo na waya bado mkononi, anatabasamu. Akatutazama mmoja mmoja, tabasamu likaanza kupotea.

"Nani imekua, mama?"

Bibi alimvutia kiti kilichokuwa karibu yake, akangoja mpaka akakaa.

"Kaka yako," akasema.